Johann Maelzel na Saa ya Muziki



Mtu akifungua kitabu cha nyimbo zilizoandikwa kwa nota, mara nyingi huona juu ya mstari wa kwanza herufi mbili, M.M., kisha nota moja, alama ya sawasawa, na namba, mathalani 60 au 84 au 120. Wengi wetu huziruka herufi hizo kama vile mtu arukavyo dimbwi dogo njiani. Lakini ndani yake mna jina la mtu. M ya kwanza ni Maelzel, na M ya pili ni metronomu, yaani chombo cha kupimia mwendo wa muziki. Namba nayo yatuambia ni mapigo mangapi yapigwe katika dakika moja.

Katika habari hii nataka kuwaeleza maisha ya mtu huyo, Johann Nepomuk Maelzel. Ninazo sababu mbili. Kwanza, chama chetu cha muziki hukitumia chombo chake kila juma, ijapokuwa sasa chombo hicho kimo ndani ya kompyuta wala hakionekani kwa macho. Pili, maisha yake yaleta swali gumu ambalo hata sisi wanafunzi twakutana nalo: kitu kikibuniwa na mmoja, kisha kikatengenezwa vizuri na kuuzwa na mwingine, jina liwe la nani?

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Maelzel alizaliwa tarehe 15 Agosti 1772 katika mji wa Regensburg, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza vinanda vikubwa vya makanisani. Kinanda cha namna hiyo si kitu kidogo. Kina mabomba mengi, mivuo ya kusukuma upepo, vibao, nyuzi na vyuma, na kila kimoja hapana budi kifanye kazi yake kwa wakati wake. Mtoto aliyekulia katika karakana kama ile alijifunza mambo mawili pamoja, muziki na ufundi wa mashine, na mambo hayo mawili hayakuachana naye mpaka alipokufa.

Mwaka 1792, alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, alihamia Vienna, mji mkuu wa Austria. Wakati huo Vienna ulikuwa mji wa muziki kuliko miji mingi ya Ulaya. Maelzel alifundisha muziki, lakini moyo wake ulikuwa katika mashine. Alitengeneza chombo kikubwa alichokiita Panharmonicon. Kilikuwa kama bendi nzima ya askari ndani ya kabati: tarumbeta, filimbi, zumari na ngoma, vyote vikipigwa kwa nguvu za mivuo ya upepo. Ndani mlikuwa na mapipa yaliyozunguka, nayo yalichomekwa vijiti vidogo vingi. Kila kijiti kilipofika mahali pake kilifungua sauti moja. Basi wimbo uliandikwa juu ya pipa kwa vijiti, wala hapakuhitajiwa mpigaji.

Baadaye alitengeneza sanamu ya mpiga tarumbeta iliyopiga ishara za jeshi la farasi. Watu walistaajabu sana. Mwaka 1808 alipewa cheo cha fundi wa mashine wa nyumba ya mfalme.

MTURUKI WA SATARANJI

Hapa lazima niseme jambo lisilompa sifa. Miaka mingi kabla yake, fundi mmoja aliyeitwa Wolfgang von Kempelen alitengeneza sanamu ya mtu aliyevaa kilemba na mavazi ya Kituruki, ameketi mbele ya sanduku lenye ubao wa sataranji. Sanamu hiyo ilicheza sataranji na watu, tena mara nyingi ilishinda. Kempelen alikufa mwaka 1804, na Maelzel akainunua. Mwaka 1809 sanamu hiyo ilicheza na Napoleon katika jumba la Schönbrunn, karibu na Vienna.

Watu waliambiwa kwamba ni mashine tupu. Milango ya sanduku ilifunguliwa, magurudumu yenye meno yakaonyeshwa, mshumaa ukapitishwa nyuma yake. Lakini ukweli ni kwamba ndani alijificha mtu hodari wa sataranji, akisogea huku na huku kadiri milango ilivyofunguliwa na kufungwa. Maelzel alijua. Kila alipopokea fedha mlangoni alijua. Basi mtu huyu alikuwa fundi wa kweli, lakini vilevile alikuwa mwana-maonyesho, na mwana-maonyesho hakosi kupenda makofi kuliko ukweli. Tukiyakumbuka hayo, tutaelewa vizuri zaidi mambo yaliyofuata.

MAELZEL NA BEETHOVEN

Katika Vienna aliishi mtunzi mkubwa, Ludwig van Beethoven, ambaye masikio yake yalikuwa yakizidi kuziba mwaka hata mwaka. Maelzel alimtengenezea pembe za kusikilizia, za chuma, ambazo mtu huweka sikioni ili sauti ikusanyike na kuingia kwa nguvu. Pembe hizo zimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Beethoven mjini Bonn. Nadhani hakuna zawadi bora kwa mtunzi aliyekuwa akiupoteza ulimwengu wa sauti.

Mwezi wa Juni 1813 majeshi yaliyoongozwa na Wellington yaliwashinda Wafaransa huko Vitoria, katika Hispania. Maelzel akaona nafasi. Alimshauri Beethoven atunge muziki wa vita hivyo kwa ajili ya ile Panharmonicon. Beethoven akakubali. Kisha Maelzel akamwambia ni afadhali muziki huo upigwe na okestra kamili, wapigaji watu, ili wapate kuvuta umati. Tarehe 8 Desemba 1813 onyesho likafanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Vienna, kwa ajili ya kuwasaidia askari waliojeruhiwa katika vita vya Hanau. Siku hiyo ndiyo Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na mpiga tarumbeta wa Maelzel naye akawekwa katika ratiba. Watu walifurahi mno hata onyesho likarudiwa baada ya siku nne.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Maelzel alidai kwamba muziki ule wa vita ni mali yake, maana wazo lilikuwa lake na alikuwa amegharimika. Beethoven alisema ni mali yake, maana yeye ndiye aliyeuandika. Maelzel akaondoka Vienna na karatasi za muziki huo, na mwaka 1814 akaupigisha Munich. Beethoven akaghadhibika, akampeleka mahakamani. Mnaona, wasomaji, swali lile lile la kwanza: wazo la mmoja na kazi ya mwingine. Safari hii Maelzel ndiye aliyesema kwamba mwenye wazo ndiye mwenye mali. Yashikeni maneno hayo, maana baada ya mwaka mmoja aligeuka akasimama upande wa pili.

CHOMBO CHENYEWE

Tangu zamani watu walijua kwamba uzito ulioning'inizwa, ukisukumwa kidogo, huenda na kurudi kwa muda ulio sawa. Huitwa pendulamu. Mwaka 1696 Mfaransa mmoja, Étienne Loulié, alieleza chombo cha kupimia mwendo wa muziki kwa uzi wenye risasi, ukining'inia juu ya ubao wenye kimo cha mtu mzima. Chombo hicho hakikuwa na mlio, na kukichukua safarini kulikuwa taabu.

Ili nielewe taabu hiyo, nilifanya jaribio katika maabara yetu. Nilifunga jiwe dogo kwa uzi wa urefu wa meta moja, nikalibembeza na kuhesabu kila lilipopita katikati. Nilipata mapigo 60 katika dakika moja. Nilipoufupisha uzi hata ukawa sentimeta 25, nilipata 120. Yaani uzi ukiwa robo, mwendo huwa mara mbili. Basi wimbo wa polepole sana, wenye mapigo 40, wahitaji uzi unaopita meta mbili na sentimeta 20. Nani atabeba kitu kama hicho kwapani kwenda kwenye mazoezi ya kwaya?

Maelzel alikuwa amejaribu kutengeneza chombo cha kupimia mwendo alipokuwa Vienna, lakini hakufanikiwa kama alivyotaka. Aliyeifungua njia ni fundi mwingine, Dietrich Nikolaus Winkel, Mjerumani aliyefanya kazi Amsterdam, Uholanzi. Mwaka 1814 Winkel aligundua jambo dogo lenye maana kubwa. Badala ya kuning'iniza uzito upande mmoja tu, aliweka fimbo ya chuma iliyoshikwa karibu na chini, kisha akaweka uzito upande wa chini na uzito mwingine upande wa juu.

Fikirini watoto wawili wameketi juu ya ubao wa kubembea, mmoja huku na mmoja kule. Wakikaribia kulingana kwa uzito, ubao huenda polepole, kwa sababu kila mmoja humzuia mwenziwe. Ndivyo ilivyo fimbo ya Winkel. Uzito wa juu hushindana na wa chini, na kwa hiyo fimbo fupi iliyozidi shibiri kidogo yaweza kwenda polepole kama uzi wa meta mbili. Tena uzito wa juu waweza kusogezwa. Ukiupandisha, mwendo hupungua. Ukiushusha, mwendo huongezeka. Kazi ya meta mbili ikaingia ndani ya kisanduku.

Mwaka 1815 Maelzel alipita Amsterdam, akakiona chombo cha Winkel. Palepale alitambua kwamba ndicho alichokuwa akikitafuta. Yasemekana alitaka kukinunua, Winkel akakataa kuuza haki yake. Basi Maelzel alikwenda Paris, akatengeneza chombo chenye fimbo ya namna ile ile, akaongeza ubao wenye namba nyuma ya fimbo ili mtu ajue uzito uwekwe wapi kwa mapigo fulani katika dakika. Kamani iliyokazwa kwa ufunguo iliendesha magurudumu, na kila fimbo ilipovuka, jino la gurudumu lilitoa mlio: tak, tak, tak. Mwaka huo huo wa 1815 alijiandikisha Paris na London kuwa mwenye haki ya chombo hicho, akakiita metronomu. Mwaka 1816 kiwanda chake kilikuwa kikifanya kazi Paris.

Winkel alilalamika. Wataalamu wa Uholanzi walipolichunguza jambo hilo walikata shauri kwamba fimbo ya mizito miwili ni uvumbuzi wa Winkel, na kwamba mchango wa Maelzel ni zile namba. Lakini kulikuwa kumekucha zamani. Metronomu za Maelzel zilikwisha kusambaa Ulaya, na herufi M.M. zilikuwa zimeanza kuchapwa juu ya nyimbo. Winkel aliendelea na ufundi wake. Mwaka 1821 alimaliza mashine ya ajabu iliyoitwa Componium, iliyoweza kuupiga wimbo kwa namna nyingi sana zisizorudiana, nayo imo katika makumbusho ya vyombo vya muziki mjini Brussels. Alikufa mwaka 1826. Ni wachache wanaolijua jina lake.

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naiheshimu methali hiyo, lakini katika habari hii naona imepinda kidogo. Kizuri cha Winkel hakikujiuza. Kilikaa Amsterdam mpaka alipokuja mtu wa kukitembeza.

NAMBA ZA BEETHOVEN

Mwaka 1817 Maelzel alirudi Vienna. Yeye na Beethoven wakapatana, kesi ikafutwa, kila mmoja akalipa nusu ya gharama. Mwishoni mwa mwaka huo Beethoven alichapisha orodha ya namba za metronomu kwa simfoni zake zote nane alizokwisha kutunga. Mwaka 1818 yeye na mtunzi mwenziwe Salieri walitoa tangazo la pamoja la kukisifu chombo hicho.

Kwa nini Beethoven alikipenda? Nadhani sababu ni hii. Maneno ya Kitaliano yaliyotumika kueleza mwendo, kama vile allegro na andante, yana maana pana. Mmoja akiambiwa aende kwa haraka hukimbia, mwingine hutembea tu. Mtunzi aliye mbali, tena asiyesikia vizuri, hawezi kumsahihisha mpigaji. Lakini namba 84 ni 84 katika Vienna, na ni 84 katika London.

Hata hivyo namba hazikumaliza ubishi. Mwanzo wa sonata yake kubwa ya piano, Opus 106, iliyochapishwa mwaka 1819, una namba 138 kwa kila nusu nota, na wapigaji wengi huona mwendo huo ni mkali mno. Wengine husema huenda chombo chake kilikuwa kibovu, wengine husema sisi ndio wazito wa vidole. Na upo wimbo mfupi wa mzaha wa kumsifu Maelzel, ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa wa Beethoven. Wachunguzi wamekwisha kuonyesha kwamba uliandikwa na Anton Schindler, aliyekuwa karani wa Beethoven, baada ya mtunzi kufa. Kwa hiyo, hata katika habari za metronomu, yafaa tuulize mara mbili nani alifanya nini.

SAFARI YA MWISHO

Maelzel alikuwa amemuuza yule Mturuki wa sataranji kwa Eugène de Beauharnais, mtoto wa kambo wa Napoleon, lakini mwaka 1817 alimchukua tena. Madeni yalimfuata. Mwishoni mwa mwaka 1825 alipanda meli kwenda Marekani, na mwaka 1826 akaanza maonyesho New York. Alionyesha Mturuki, mpiga tarumbeta, na mfano wa mji wa Moscow ukiteketea kwa moto. Ndani ya sanduku la Mturuki alijificha Mfaransa hodari wa sataranji aliyeitwa Schlumberger. Mwaka 1836 mwandishi Edgar Allan Poe alichapisha makala ya kuonyesha kwamba hapana budi mna mtu ndani. Si hoja zake zote zilizokuwa sahihi, lakini neno lake kuu lilikuwa kweli.

Kisha Maelzel alikwenda Havana, Cuba. Huko Schlumberger akashikwa na homa ya manjano, akafa. Bila yeye maonyesho yalivunjika, na Maelzel naye akavunjika moyo. Alipanda meli iitwayo Otis ili arudi Marekani, lakini tarehe 21 Julai 1838 alikufa humo melini, akazikwa baharini. Yule Mturuki aliungua kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Panharmonicon na tarumbeta zikawa hadithi. Katika maonyesho yake yote, kilichobaki mikononi mwa watu ni kile kisanduku kidogo chenye fimbo.

KUTOKA KISANDUKU MPAKA KOMPYUTA

Metronomu za kwanza za Maelzel zilipima kuanzia mapigo 50 mpaka 160. Baadaye zilizozoeleka zilipima 40 mpaka 208. Kisha ikaja kazi mpya. Mwaka 1928 wafanyakazi wa Walt Disney walipotengeneza sinema ya katuni Steamboat Willie, kijana Wilfred Jackson alitumia metronomu ili muziki na picha vilingane. Picha za sinema zenye sauti hupita 24 katika kila sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Ukiweka pigo moja kila baada ya picha 12, wapata mapigo 120. Mwaka uliofuata mtunzi Carl Stalling alitumia njia ya kuwapa wapigaji milio ya tak tak ya kufuata walipokuwa wakirekodi. Hapo ndipo mlio wa Maelzel ulipoingia masikioni mwa wapigaji bila watazamaji kuusikia.

Sisi katika chama cha muziki twafanya vivyo hivyo. Kwaya yetu ni kubwa na chumba chetu ni kidogo, na kipaza sauti ni kimoja. Kwa sababu hiyo hurekodi soprano peke yao, kisha alto, kisha tena, kisha besi, na mwisho ngoma na kayamba. Kama hakuna kinachowaongoza wote kwa mwendo mmoja, sauti hizo zikiunganishwa husikika kama watu wanaopishana mlangoni. Haraka haraka haina baraka, na katika nyimbo zetu nyingi besi ndio wenye haraka.

Kwa faida ya wanafunzi watakaojiunga na chama, nitaeleza jinsi ya kuupanga mlio huo katika programu ya Audacity, ambayo hupatikana bure.

Kwanza, tafuteni mwendo wa wimbo kabla ya kuigusa kompyuta. Imbeni kama mnavyoimba siku zote, mmoja ahesabu mapigo kwa saa kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Wimbo wetu wa muhula huu ulitoa 84.

Pili, hesabuni mafungu ya mapigo. Wimbo wetu una mapigo 4 katika kila fungu na mafungu 63. Kwa mwendo wa 84 hupita mafungu 21 kwa dakika, basi wimbo wote huchukua dakika 3 kamili.

Tatu, ongezeni mafungu mawili ya kujitayarisha mwanzoni, yaani mapigo 8 ya bure, ili mwimbaji avute pumzi na kuingia pamoja na wenzake. Hayo huchukua karibu sekunde 6. Kwa hiyo katika programu twaandika mwendo 84, mapigo 4 kwa fungu, na mafungu 65, kisha programu hutengeneza mstari mzima wa milio.

Nne, chagueni mlio ufaao. Pigo la kwanza la kila fungu laweza kupewa sauti ya juu kuliko mengine, na mwimbaji aliyepotea hulitambua akarudi mahali pake. Kwa waimbaji, mlio mkavu kama wa kijiti ni bora kuliko kengele, maana kengele yaweza kuwavuta kwenye sauti yake.

Tano, wimbo wa polepole sana wataka mapigo yagawanywe. Mwendo ukiwa 50 wenye mapigo 4, andikeni 100 na mapigo 8. Nafasi baina ya mlio na mlio hupungua, na kishawishi cha kukimbia hupungua nacho. Na ngoma ya mapigo sita msiilazimishe iingie katika manne. Andikeni 6.

Sita, wimbo ukibadili mwendo katikati, tengenezeni mstari wa pili wenye namba yake, na uanze pale wa kwanza unapokoma.

Saba, mlio usikike kwenye hedifoni tu, tena kwa sauti ndogo. Ukiwa mkubwa huvuja, kipaza sauti kikaudaka, na baadaye hautoki. Mkiisha kurekodi, unyamazisheni kabla ya kutoa wimbo.

Mwalimu wetu hutuonya kwamba mlio huo ni fimbo ya kutembelea, si miguu. Wapiga ngoma wa kijijini kwangu hawajaiona metronomu maishani, nao hawapotezi pigo usiku kucha, kwa sababu husikilizana. Mimi nakubali. Lakini wao hupiga wakiwa pamoja, wakitazamana machoni. Anayeimba peke yake leo ili aungane na mwenziwe atakayeimba kesho, hana wa kumtazama. Huyo ndiye anayemhitaji Maelzel.

JINA LIWE LA NANI?

Nimefikiri sana juu ya swali hilo, na shauri langu ni hili. Siwezi kusema Maelzel hakufanya kitu. Pasipo namba zake, fimbo ya Winkel ingekuwa mchezo wa mezani. Pasipo kiwanda chake na miguu yake isiyochoka, Beethoven asingeandika zile namba. Kazi ya kukifikisha kitu kwa watu ni kazi, nayo yastahili ujira na sifa. Kosa lake ni kwamba alichukua sifa yote. Mtu yule aliyesema Vienna kwamba mwenye wazo ndiye mwenye mali, alipofika Paris alisahau maneno yake mwenyewe, kwa kuwa sasa mwenye wazo alikuwa mwingine. Laiti angeandika herufi nyingine moja tu, W, kando ya zile mbili, nafasi ilikuwapo.

Kwetu jambo hili si la mbali. Mwisho wa muhula huu nyimbo zetu zitawekwa pamoja na kusambazwa, na kila wimbo utaandikwa jina. Zimo nyimbo alizotunga mmoja, akazipangia sauti mwingine, akazirekodi wa tatu. Zimo na nyimbo tulizofundishwa na bibi zetu. Natoa shauri mbele ya chama na mbele ya wasomaji wa gazeti hili kwamba tuyaandike majina yote, la mtunzi, la mpanga sauti na la mrekodi, na pale tulipopokea kwa wazee tuandike tulipokea wapi na kwa nani. Wino wake ni kidogo. Na yeyote atakayezikuta herufi M.M. juu ya wimbo, azisome kwa heshima, kisha kimoyomoyo aongeze jina la Winkel wa Amsterdam.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Chama cha Muziki